Mdogo Wangu, Usiutazame Ukocha Kutoka Kwenye Kombe

Haya mdogo wangu, kaa tuzungumze. Swali lako nimelisoma kwa makini, na si wewe peke yako uliyeliuliza. Wasichana kadhaa mnaoishi Marekani na wazazi wenu, wengine mmezaliwa Kigoma, wengine Bukavu au Mombasa, mkakulia Texas na Ohio, mnaniandikia jambo lilelile. Mpira mnaupenda, shuleni mnacheza vizuri, ila mnajua miguu yenu haitawafikisha timu ya taifa. Mnauliza kama mnaweza kuwa makocha wa timu za wanawake vyuoni, na kama hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kumweleza mama yake bila kuulizwa, "Sawa mwanangu, na kazi yenyewe ni ipi?"

Ni kazi, tena kazi kamili. Mwambie mama hivyo bila kuinamisha kichwa. Katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo vya Marekani peke yake kuna timu za soka za wanawake zaidi ya 300, na ukiongeza madaraja ya chini zinapita 1,000. Kila moja ina kocha mkuu, na nyingi zina wasaidizi wanaolipwa. Wana ofisi, wana mikataba, wana bima ya afya. Mlango huo ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Chuo kilichozoea kuwapa wavulana viwanja, jezi na mabasi kikalazimika kuwakumbuka wasichana. Miaka kumi baadaye, 1982, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanzisha ubingwa wa soka ya wanawake.

Kwa hiyo kazi ipo. Kinachonisumbua mimi ni jinsi mnavyoitazama. Karibu kila barua inanitajia makombe. Kocha fulani ana mangapi, yule alichukua la kwanza akiwa na umri gani, nifanye nini na mimi nifike fainali. Mnaitazama kazi kutoka mwisho wake, na mkiendelea hivyo mtakata tamaa mapema sana, au mtachagua mahali pabaya pa kuanzia.

Najua jina linalowajia kwanza ni Anson Dorrance wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Alizaliwa India, sehemu ya utoto wake akaipitisha Kenya na Ethiopia kwa sababu ya kazi ya baba yake, na alikuwa akisomea sheria alipokabidhiwa timu ya wanaume ya chuo hicho. Mwaka 1979 akaanzisha timu ya wanawake na kuishikilia hadi Agosti 2024. Ana makombe 21 ya NCAA, tisa kati yake mfululizo kuanzia 1986 hadi 1994. Juu ya hayo, aliiongoza Marekani kuchukua Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China mwaka 1991. Ni rekodi ya kuheshimiwa, lakini ilianza wakati vyuo vingi havikuwa hata na timu ya wasichana ya kushindana naye. Wakati ule hautarudi. Ukimfanya yeye kipimo chako, unajidhulumu bure.

Mtu ninayetaka umtazame ni Jill Ellis.

Wengi mnamjua kama kocha aliyechukua Kombe la Dunia mara mbili na Marekani, 2015 kule Vancouver na 2019 kule Lyon. Lakini rudi nyuma. Ellis amekulia Uingereza, nchi ambayo chama chake cha soka kiliwafungia wanawake viwanja vyake tangu 1921 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba yake alikuwa kocha, mpira ulikuwepo nyumbani, ila timu ya wasichana ya kuchezea haikuwepo. Familia ilipohamia Virginia mwaka 1981, akiwa kijana wa sekondari, ndipo akavaa jezi ya timu rasmi kwa mara ya kwanza. Akacheza Chuo cha William & Mary, akasoma fasihi ya Kiingereza, akaendelea na shahada ya uzamili huku akisaidia kufundisha timu ya chuo cha North Carolina State. Halafu akafanya kama wanavyofanya watoto wenye akili: akaajiriwa. Alikuwa mwandishi wa nyaraka za kiufundi kwenye kampuni ya simu, kazi ya mezani yenye mshahara wa kueleweka.

Kisha April Heinrichs, nahodha wa kikosi kile cha 1991, wakati huo akiwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Maryland, akamwita awe msaidizi wake. Mshahara ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Akaacha kazi ya mezani, akaenda.

Sikwambii uige kuacha kazi. Usiniletee matatizo na wazazi wako. Ninachotaka ukione ni kilichokuwepo Maryland. Palikuwa na mwanamke aliyekuwa tayari kumfundisha kazi, aliyejua kazi, na ambaye alipohamia Chuo Kikuu cha Virginia alimchukua tena akafanye naye kazi huko. Heinrichs mwenyewe baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani, na akachukua dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004. Ellis alikuwa anakaa karibu na mtu wa namna hiyo kila siku, anamsikiliza akizungumza na wachezaji, anaona anavyopanga wiki, anaona anavyopoteza mechi na anavyoamka Jumatatu yake. Dola 6,000 zile zilikuwa ndogo, lakini shule aliyoipata haikuwa ndogo. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Illinois kilipoanzisha timu ya wanawake, yeye ndiye aliyepewa aijenge kutoka sifuri. Miaka miwili tu, kisha UCLA wakamwita.

Hapo UCLA ndipo penye fundisho ninalotaka ulishike. Alikaa misimu 12, kuanzia 1999 hadi 2010. Timu yake ilifika nusu fainali za taifa mara nane, saba kati ya hizo mfululizo. Alifika fainali tatu. Mwaka 2000 alifungwa na North Carolina, 2004 alishindwa kwa penalti na Notre Dame, 2005 alifungwa na Portland mabao manne kwa bila. Kombe la NCAA hakulipata hata mara moja. UCLA walilichukua mwaka 2013 chini ya Amanda Cromwell, Ellis akiwa ameshaondoka.

Sasa fikiria kama mtu angempima Ellis kwa kabati la makombe la chuo. Angemwita kocha wa nusu fainali. Na ndiye huyohuyo aliyekuja kufanya kitu ambacho hakuna kocha mwingine wa soka ya wanawake aliyekuwa amekifanya, kuchukua Kombe la Dunia mara mbili. Misimu ile 12 haikuwa ya kupoteza muda. Ndiyo iliyomfundisha kuongoza kundi la wachezaji wakali ambao kila mmoja anaamini anastahili kuanza.

Utaniambia, "Dada, mbona Margueritte Aozasa alichukua kombe mwaka wake wa kwanza?" Kweli. Desemba 2022, mjini Cary, North Carolina, UCLA hiyohiyo inacheza fainali na timu ya Dorrance na iko nyuma mabao mawili kwa bila. Dakika ya 80 wanarudisha moja. Kwenye soka ya vyuo vya Marekani saa ya uwanjani huhesabu kurudi nyuma, kwa hiyo jukwaa zima linaona sekunde zinavyoyeyuka. Zimebaki 16, Reilyn Turner anasawazisha. Kwenye dakika za nyongeza Maricarmen Reyes anamaliza kazi, 3–2. Kwenye benchi la UCLA yupo mwanamke ambaye ule ndio msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu.

Msimu wa kwanza kama kocha mkuu, mdogo wangu. Kabla ya hapo Aozasa alikuwa msaidizi Stanford kwa miaka kadhaa, na alikuwa kwenye benchi lao walipochukua ubingwa wa 2017 na wa 2019. Alishaziona fainali kwa karibu, alishajua wachezaji wanavyokuwa dakika ya 80 wakiwa nyuma. Magazeti yaliandika habari ya mwaka mmoja, lakini ile miaka ya usaidizi ndiyo iliyofanya kazi.

Basi ngoja nikueleze usaidizi wenyewe, maana huko ndiko utakakoanzia na hakuna anayewaelezeni.

Msimu wa vyuo ni mfupi na umebanana, kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba kwa wale wanaofika mwisho. Agosti, asubuhi, jua halijakolea, msaidizi ameshafika uwanjani. Anapima kwa hatua zake umbali kati ya koni na koni, maana kocha mkuu anataka eneo la mita 30 kwa 20 na hataki la kukadiria. Anabonyeza mipira mmoja mmoja, uliolegea anaujaza upepo. Anapanga fulana za mazoezi za rangi mbili na kuzihesabu mara mbili, kwa sababu zikipungua mazoezi yatasimama wasichana 28 wakisubiri. Mazoezi yakianza anapewa kundi ambalo halimo kwenye kikosi cha kwanza, au anapewa makipa. Yakiisha, wenzake wakienda kula, yeye anakaa na kompyuta akikata video, anatafuta kona zote walizopiga wapinzani mechi zilizopita, nani anakimbilia nguzo ya karibu, nani anabaki nyuma. Jioni anampigia mzazi. Usiku anaangalia orodha ya alama za darasani, maana mchezaji aliyeshuka sana masomoni haruhusiwi kucheza.

Hayo ndiyo utakayofanya. Kama ukiyasoma unaona ni kazi ya chini, tafadhali tafuta kazi nyingine sasa hivi ungali mdogo. Kama ukiyasoma vidole vinakuwasha, endelea kunisikiliza.

Jambo gumu kuliko yote ni kuzungumza na asiyecheza. Chukua kikosi cha wachezaji 28, ambayo ndiyo idadi ya juu tangu 2025 kwa vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo. Wanaoanza ni 11. Wengine watano au sita wataingia. Waliobaki walikuwa nyota wa shule zao, wazazi wao waliendesha gari miaka kumi kuwapeleka kwenye mashindano, na sasa wanakaa benchi wakiwa na miaka 19, mbali na nyumbani. Nani anaongea nao? Kocha mkuu ana mkutano na mkurugenzi wa michezo. Ni wewe. Na maneno ya "endelea kujituma, nafasi yako itakuja" hayamsaidii mtu. Msichana anataka kujua ni kitu gani hasa. Je, ni mguu wa kushoto? Ni kasi ya kurudi kukaba? Ni kwamba aliye mbele yake ni bora tu? Mwambie ukweli kwa sauti ya kawaida, na umwambie mtakipima lini tena.

Hapa ndipo nakiri Dorrance ana cha kutufundisha. Alichukua mazoea ya Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, ambaye alikuwa akiandika karibu kila tendo la mazoezini, akayaleta kwenye soka ya wasichana. Kila zoezi lilikuwa na mshindi na aliyeshindwa, kila matokeo yaliandikwa, na orodha ikabandikwa ukutani pale wachezaji wote wanapoiona. Nani wa kwanza kwa mbio, nani wa mwisho kwa kukabana mtu na mtu. Kuna watu walidhani wasichana hawataki kushindanishwa hadharani. Kutoka kwenye mazoezi yale wakatoka Mia Hamm, Kristine Lilly, Tobin Heath na Crystal Dunn. Mimi naona nguvu ya orodha ile ilikuwa katika uwazi wake. Msichana hakuhitaji kubahatisha kama kocha anampenda au hampendi, alisoma namba zake.

Ila kwa kocha huyohuyo kuna ukurasa mwingine ambao kila anayetaka kazi hii anapaswa kuusoma. Mwaka 1998 wachezaji wake wawili wa zamani walimfungulia kesi ya unyanyasaji. Yeye alikana kumnyanyasa mtu. Kesi ya kwanza iliisha kwa makubaliano mwaka 2004, ya pili mwaka 2008 kwa dola 385,000, na ndani ya makubaliano hayo ya pili aliandika barua ya kuomba radhi, akikubali kwamba haikufaa yeye kushiriki mazungumzo ya wachezaji kuhusu maisha yao ya kimapenzi.

Naomba hapa unisikilize kama unavyomsikiliza dada yako wa tumbo moja. Utakapokuwa kocha wa miaka 24, wachezaji wako wana 20. Mtacheka pamoja kwenye basi, watakuonyesha simu zao, watataka uwe rafiki. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke utajiambia hakuna ubaya. Upo. Wewe ndiye unayeamua nani anacheza Ijumaa na nani anapata ufadhili wa masomo mwaka ujao, kwa hiyo hamko sawa hata mkivaa jezi moja. Mambo ya mapenzi ya mchezaji hayakuhusu, isipokuwa pale anapokuambia ameumizwa au yuko hatarini. Hapo hunyamazi, unampeleka kwa mhusika wa chuo siku hiyohiyo. Usikutane na mchezaji peke yenu mlango ukiwa umefungwa. Uzito wa mwili wake usiuzungumze mbele ya wenzake, na ukiwa na wasiwasi na afya yake, mwachie daktari wa timu na mtaalamu wa lishe. Oktoba 2022 ilitoka ripoti ya Sally Yates kuhusu ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani, na ilieleza unyanyasaji wa maneno, wa kihisia na wa kingono uliokuwa umeota mizizi, mizizi iliyofika hadi kwenye soka ya watoto. Makocha wale walilelewa mahali fulani, na waliowaona wakianza walinyamaza. Wewe usiwe mmoja wa hao.

Na ukiwa wewe ndiye msaidizi, ukaona kocha mkuu anavuka mpaka, je? Swali hili mmoja wenu aliniuliza kwa hofu. Andika ulichokiona, tarehe na mahali, peleka kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia Title IX. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kiwe na mtu wa kusimamia sheria hiyo. Unaweza kupoteza kazi, sitakudanganya. Lakini yule binti wa miaka 18 hana mwingine wa kumsemea.

Sasa tugeukie jambo linaloniuma kama mwanamke. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, michezo yote, zilifundishwa na wanawake. Sheria ikaleta fedha, mishahara ikapanda, na wanaume wakaziona kazi ambazo zamani hawakuzitaka. Kufikia 2014 waliobaki walikuwa kama asilimia 43. Kwenye soka, hesabu mwenyewe: tangu 1982 hadi 2024 ubingwa wa daraja la kwanza umechezwa mara 43, na makocha wanawake waliouchukua ni wanne. Becky Burleigh na Florida mwaka 1998, Cromwell 2013, Erica Dambach na Penn State 2015, Aozasa 2022. Basi. Na ushindi wa Burleigh usiupite haraka. Florida walikuwa kwenye msimu wa nne tu tangu timu ianzishwe, yeye ndiye aliyeianzisha, na waliyemfunga fainali ni North Carolina ya Dorrance, bao moja kwa bila.

Kwa nini wanawake walipungua? Sababu ni nyingi, ila moja naijua vizuri kwa kuwasikiliza walioacha: wikendi. Msimu ukiisha ndipo kazi ya kutafuta wachezaji inapokolea. Mashindano ya vijana yanachezwa Jumamosi na Jumapili, katika miji ya mbali, na kocha lazima awepo pembeni ya uwanja na daftari lake. Mwenye mtoto mchanga anapanga nani atalala naye. Wanaume wengi wana mke nyumbani anayebeba hilo. Wanawake wengi hawana. Kwa hiyo kwenye usaili wa kazi usione haya kuuliza kama chuo kinaruhusu na kugharimia kocha kusafiri na mtoto na mlezi wake, na wasaidizi wanagawanaje safari hizo. Wakikuangalia vibaya kwa kuuliza, umeshapata jibu kuhusu mahali hapo. Na mkataba usiutie sahihi kwa furaha. Mpe mwanasheria ausome, hasa kifungu cha kuachishwa kazi bila sababu, wanakulipa nini na kwa muda gani. Siku hizi vyuo vikubwa vimeanza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, fedha nyingi zinaelekea kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, na michezo isiyoingiza viingilio inabanwa. Kocha wa soka ya wanawake asiyeujua mkataba wake atashtukizwa.

Kwa wale mlio bado sekondari na mnataka kwanza kucheza chuo, nasema kwa ufupi. Kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kukujibu kuhusu kusajiliwa kabla ya Juni 15 baada ya darasa la kumi. Wewe lakini unaruhusiwa kumwandikia wakati wowote. Usivunjike moyo kwa kimya chake, yeye ndiye aliyefungwa na kanuni. Madaraja ya chini yasikuaibishe. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo, lakini linatoa misaada ya masomo na linakupa miaka minne ya kucheza badala ya kukaa benchi. Na kwa anayetaka ukocha, miaka minne uwanjani chini ya kocha anayeeleza mambo inafaa kuliko jezi kubwa isiyotoka jasho.

Nanyi mlioko Tanzania na Kenya mnaosoma haya, msijione mko nje. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Junior Starlets, chini ya kocha mwanamke, Mildred Cheche, wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, Jamhuri ya Dominika mwaka 2024. Kwenu ngazi inaanzia leseni ya CAF daraja D. Ulizeni chama chenu cha mkoa au kaunti kozi inafunguliwa lini.

Nirudi kwako uliyeko Ohio. Vyuo vingi huendesha kambi za soka za watoto wakati wa kiangazi, na kocha mkuu anahitaji vijana wa kusaidia. Ndiyo njia ya karibu kabisa ya kuingia kwenye uwanja wake na kuonekana unafanya kazi. Usisubiri Mei, wakati huo nafasi zimekwisha. Mwandikie Januari, barua fupi, mistari kumi inatosha. Mweleze umecheza wapi na nafasi gani, kozi ya ukocha ya ngazi ya awali ya shirikisho la soka la Marekani umeshaimaliza au umejiandikisha lini, na kwamba unazungumza Kiswahili, na Kifaransa kama unakijua. Usikifiche Kiswahili chako. Kwenye miji yenye familia nyingi kutoka Kongo na Burundi kuna wasichana wanaocheza mpira vizuri ambao hakuna kocha aliyewahi kuzungumza na mama zao, na kocha mwenye akili ataona faida yake mara moja. Chini ya barua weka jina na namba ya mtu aliyekuona ukifundisha, hata kama ulifundisha watoto wa miaka minane kanisani au msikitini. Asipojibu wiki mbili, mwandikie msaidizi wake. Akijibu, muulize saa ngapi koni zinapangwa, na ufike kabla ya saa hiyo.